Shajara ya mradi: Kupanga muziki katika iPod ya mwaka 2006 inayoendeshwa na Rockbox

Kifaa ninachokizungumzia ni iPod yenye video, GB 30, ya toleo lililotoka Septemba 2006, ambayo kaka yangu aliitumia miaka mingi alipokuwa akirekodi kwaya ya ushirika wetu kule Tukuyu. Mwaka huu alinikabidhi, naye akasema hana tena kazi nayo. Lengo langu lilikuwa kuondoa utaratibu wa asili wa kifaa, ambao humlazimu mtu kupitia iTunes kila anapotaka kuongeza wimbo, na badala yake kuweka Rockbox, programu huria inayochukua nafasi ya ile ya kiwandani na kusoma muziki kwenye folda za kawaida. Rockbox pia hucheza FLAC na Ogg, aina mbili za faili za sauti, jambo ambalo programu ya Apple katika kifaa hiki hailifanyi. Kazi zote nilizifanya nyumbani, Uyole, kwa kompyuta mpakato yenye Linux, isipokuwa hatua moja. Naandika kila hatua inapokamilika ili mwenye kifaa kama hiki aweze kuifuata, au angalau ayakwepe makosa yangu.

7 Juni 2025: Kunakili vilivyomo

Siku ya kwanza iliishia kwenye waya. Waya wa pini 30 nilioununua Mwanjelwa kwa shilingi 5,000 ulichaji vizuri, lakini kompyuta haikuona kitu chochote, kwa kuwa ndani yake hamkuwa na nyuzi za kupitisha data. Nilirudi nikanunua mwingine kwa 12,000, na safari hii nilimwomba muuzaji anijaribishie kwenye kompyuta yake kabla ya kulipa.

Diski ilikuwa imefomatiwa kwa HFS+, yaani mfumo wa Mac, kwa sababu kaka aliunganisha iPod na kompyuta ya ofisini kwake. Linux iliufungua kwa kusoma tu, na hilo lilinitosha. Ndani ya folda ya iPod_Control kuna folda ya Music, na ndani ya hiyo kuna folda ndogo zinazoanzia F00, zenye faili zilizopewa majina ya herufi nne zisizo na maana yoyote. Nilinakili folda nzima ya Music, nikahesabu faili, nikalinganisha ukubwa, nikaridhika. Folda nyingine za jirani nilizitazama, nikaona zimejaa vitu vya mfumo, nikaziacha. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyonigharimu mwezi mzima, kama itakavyoonekana.

8 Juni 2025: Kufomati upya na kuweka Rockbox

Rockbox haifanyi kazi kwenye iPod yenye HFS+, inahitaji FAT32, mfumo wa diski unaotambuliwa na Windows na Linux. Njia nyepesi ni kuirejesha iPod katika hali ya kiwandani kwa iTunes ya Windows, ambayo huifomati kwa FAT32 moja kwa moja. Nilikwenda kwenye mgahawa wa intaneti, nikalipa saa mbili kwa shilingi 2,000, na nyingi ya saa hizo zilikwenda kwenye kupakua iTunes. Baada ya hapo nilirudi nyumbani, nikaendesha Rockbox Utility, programu inayoiweka Rockbox kwenye kifaa, nikachagua toleo la 4.0, na dakika chache baadaye kifaa kiliwaka na nembo mpya. Programu ya asili haikufutika. Ukitaka kuirudia, unasogeza swichi ya kufunga vitufe wakati kifaa kinawaka. Hapa sina la kuongeza.

14 Juni 2025: Majina yamepotea

Nilirudisha muziki kwenye kifaa, nikaenda kwenye menyu ya hifadhidata, nikaiagiza Rockbox isome lebo zote, yaani maelezo ya wimbo kama jina, msanii na albamu. Nyimbo za MP3 zilijitokeza zikiwa na majina yake kamili, maana lebo za MP3 hukaa ndani ya faili yenyewe, hata faili ikiitwa jina la ajabu namna gani. Rekodi 43 za kwaya hazikuwa na jina hata moja. Zote ziliwekwa chini ya kundi la zisizo na lebo, zikiwa zimepangwa kwa zile herufi nne.

Sababu nimeielewa baada ya kuhangaika usiku kucha. Kaka alirekodi kwa WAV, aina ya faili ya sauti isiyobanwa. iTunes haiandiki lebo ndani ya faili za WAV. Jina la wimbo, mwaka na jina la kwaya vyote huhifadhiwa katika faili moja iitwayo iTunesDB, iliyoko kwenye folda ya iTunes ndani ya iPod_Control. Hiyo ndiyo mojawapo ya zile folda nilizoziona kuwa za mfumo, na nilipofomati nikaifuta. Kompyuta ya Mac iliyokuwa na nakala nyingine ilikwisha kufa zamani.

Kwa hiyo anayefuata shajara hii asinakili folda ya Music peke yake. Anakili iPod_Control yote, hata asipojua kazi ya nusu yake. Na kabla ya kufomati aifungue iPod kwa Rhythmbox, programu ya muziki ya Linux, ambayo inaweza kuisoma iTunesDB na kumwonyesha majina. Kama ana faili za WAV, ayaandike majina hayo mahali pengine siku hiyo hiyo.

15 Juni hadi 6 Julai 2025: Kusikiliza mmoja mmoja

Dawa iliyobaki ilikuwa masikio ya Mama, ambaye aliimba sauti ya pili katika kwaya hiyo. Kwanza niligeuza WAV zote kuwa FLAC, kwa sababu FLAC haipunguzi ubora wa sauti, hubeba lebo ndani yake, na jumla ya GB 2.3 ilishuka hadi karibu GB 1.2. Kisha kila Jumapili baada ya ibada tuliketi jikoni karibu na jiko la mkaa, kwani baridi ya Mbeya mwezi huo haina mzaha, yeye akichambua maharage na mimi nikiandika.

Nilidhani angehitaji kusikiliza wimbo hadi kiitikio. Hakuhitaji. Mara nyingi alitambua kwa pumzi ya kwanza ya muanzishaji, kabla maneno ya Kinyakyusa hayajakamilika.

"Huyo anayeanza ni marehemu shangazi yako," aliniambia kuhusu faili ya tisa. "Basi huo ni wa mwaka tuliokwenda Rungwe. Mwaka uliofuata hakuanzisha tena, kifua kilikuwa kinamsumbua."

"Mama, una hakika na mwaka?"

"Andika, mwanangu."

Kwa faili nyingine alinyanyua mkono niache kuandika. "Huo si wimbo, hayo ni mazoezi. Ngoja, mwalimu anawakatisha sasa hivi." Sekunde nne baadaye kofi la mwalimu likasikika juu ya meza, na kwaya ikanyamaza. Nimeiweka faili hiyo jinsi ilivyo, pamoja na kofi lake.

Hesabu ya mwisho ya wiki hizo nne: rekodi 35 zimepata jina, mwaka na muanzishaji, 5 ni mazoezi, 3 hazijatambulika. Jina la muanzishaji nimeliweka kwenye sehemu ya maoni ya lebo, kwa sababu Rockbox haina mlango wa kumtafutia muanzishaji, nami sikutaka kumwita msanii mtu ambaye mwenyewe angesema anayeimba ni kwaya.

12 Julai 2025: Bendi moja, majina manne

Kazi ya kwaya ilipokwisha nilihamia kwenye muziki wa dansi, ambao umetoka kwenye kaseti na CD za watu mbalimbali, kila mmoja akiwa ameandika lebo kwa namna yake. Hifadhidata ya Rockbox haina huruma katika jambo hili: herufi moja ikitofautiana, inahesabu msanii mwingine. Nilikuwa na Mlimani Park, DDC Mlimani Park, DDC Mlimani Park Orchestra na Sikinde, wote wanne wakiwa bendi ile ile.

Hao walikuwa rahisi, niliwaunganisha. Ugumu ulikuwa kwa NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ambayo baadaye ikawa JUWATA Jazz, kisha OTTU Jazz, na sasa watu wanaijua kama Msondo Ngoma. Kuziita rekodi zote Msondo Ngoma ni kuipotosha historia, kwa kuwa jina la wakati huo husaidia kujua rekodi ni ya kipindi gani. Kuyaacha majina yote nako ni kuitawanya bendi moja kwenye kurasa nne. Nilichofanya ni kutumia lebo mbili: kwenye lebo ya msanii nimeacha jina la wakati wa kurekodi, na kwenye lebo ya msanii wa albamu nimeandika Msondo Ngoma kote. Menyu ya hifadhidata ina mlango wa kila moja, hivyo msikilizaji anachagua mwenyewe anavyotaka kuingia. Nadhani huu ndio uamuzi bora nilioufanya katika mradi wote.

Kosa dogo lililonichosha ni alama ya ng'. Baadhi ya lebo zilikuwa na kibainishi kilichonyooka na nyingine kilichopinda, kile ambacho programu za kuandikia huweka zenyewe. Kwa macho ni kitu kimoja, lakini kwa hifadhidata ni herufi mbili tofauti, hivyo albamu moja ilikatika vipande viwili. Nilibadili vyote kuwa kilichonyooka kwa amri moja ya kutafuta na kubadilisha katika programu ya lebo.

19 Julai 2025: Kunakili kwa rsync

Sasa mpango ni kwamba makusanyo halisi yanakaa kwenye kompyuta, na iPod inapokea nakala. Nilitumia rsync, programu inayolinganisha folda mbili na kunakili kilichobadilika tu, nayo ilianza kulalamika mara moja. Malalamiko ya kwanza yalihusu ruhusa na umiliki wa faili, vitu ambavyo FAT32 haina. Yaliisha nilipoacha chaguo la `-a` na kutumia `-rt`, ambalo hunakili folda zote na tarehe za faili bila ruhusa wala umiliki. Ya pili yalihusu nyimbo ambazo majina ya faili zake yana alama ya kuuliza au nukta mbili, kwa kuwa FAT32 haizikubali alama hizo. Nyimbo za dansi zina maswali mengi, kama mjuavyo, kwa hiyo niliziondoa alama hizo kwenye majina ya faili na kuziacha kwenye lebo, ambako hazimdhuru mtu.

La tatu halikuwa lalamiko bali tabia. Kila nilipoendesha rsync, ilinakili upya karibu nusu ya nyimbo ambazo hazikubadilika. FAT32 huandika saa ya faili kwa hatua za sekunde mbili, hivyo faili iliyohifadhiwa kwenye sekunde isiyogawanyika kwa mbili huonekana kuwa na saa tofauti pande mbili. Nilikuwa nimechoka, nikatafuta njia ya mkato: `--size-only`, yaani linganisha ukubwa peke yake. Kunakili kukawa kwa sekunde chache. Nikafurahi.

8 Agosti 2025: Kilichokuwa kinanidanganya

Leo ni Nane Nane na nusu ya Uyole iko viwanja vya John Mwakangale. Mimi nimebaki ndani na iPod. Kwa wiki tatu nimekuwa nikisahihisha lebo kwenye kompyuta, nikinakili, nikisasisha hifadhidata ya Rockbox, na bado makosa yale yale yakabaki kwenye kioo. Sikinde ilisahihishwa mara tatu na ikarudi mara tatu. Niliilaumu Rockbox. Niliiagiza ianze hifadhidata upya, mara mbili, na kwa kufanya hivyo nilipoteza alama za nyota nilizokwisha kuzipa nyimbo, kwa sababu sikuzitoa kwanza kwa kile kipengele cha menyu kinachoziandika kwenye faili ya database_changelog.txt.

Rockbox haikuwa na kosa. Lebo za MP3 huwa na nafasi tupu iliyoachwa makusudi mwanzoni mwa faili, ili ukibadilisha jina usilazimike kuandika faili nzima upya. Ukibadilisha DDC Mlimani Park kuwa jina jingine, nafasi hiyo hupungua au huongezeka, na ukubwa wa faili hubaki ule ule hadi baiti ya mwisho. Kwa `--size-only`, rsync iliona hakuna kilichobadilika, ikaziacha faili za zamani mahali pake. Kila nilichosahihisha kilikuwa kikibaki kwenye kompyuta.

Suluhisho ni amri hii, ambayo sasa nimeihifadhi na siigusi:

`rsync -rt --modify-window=1 --delete Muziki/ /media/ipod/Muziki/`

Chaguo la `--modify-window=1` linaivumilia tofauti ya sekunde moja, hivyo tatizo la FAT32 linaisha bila kuficha mabadiliko ya kweli. Programu ya lebo nayo isiwekwe kwenye hali ya kuilinda tarehe ya zamani ya faili, kwa maana rsync na Rockbox zote zinaitegemea tarehe hiyo ili kujua kilichobadilika. Kuhusu `--delete`, inafuta kwenye iPod chochote kisichokuwepo kwenye kompyuta, na ndiyo maana nimeielekeza kwenye folda ya Muziki tu. Ukiielekeza kwenye mzizi wa diski, yaani folda yake kuu, itaifuta folda ya .rockbox pia.

Baada ya kunakili nilichagua kusasisha, si kuanza upya, nikaiacha iPod kwenye chaji mpaka imalize kusoma. Sikinde ni moja.

16 Agosti 2025: Umeme

Betri ya kompyuta yangu haishiki chaji tena. Umeme ulikatika katikati ya kunakili, kompyuta ikazimika papo hapo, na iPod ilipowaka ilionyesha folda moja yenye majina ya takataka. Niliendesha `fsck.fat`, programu ya kukagua na kurekebisha diski za FAT, ambayo ilirekebisha jedwali na kuacha vipande visivyo na mwenyewe katika faili zinazoitwa FSCK0000.REC na kuendelea. Nilivifuta, nikanakili folda hiyo upya. Hakuna kilichopotea, kwa sababu asili iko kwenye kompyuta. Lakini asili hiyo nayo ilikuwa na nakala moja tu duniani, pamoja na sauti ya shangazi. Jumatatu yake nilinunua flashi ya GB 64 kwa 22,000 na kuweka nakala ya pili.

23 Agosti 2025: Picha za majalada na kiwango cha sauti

Picha za majalada zilionekana kwa baadhi ya albamu na kukataa kwa nyingine, ingawa zote ziliitwa cover.jpg. Tofauti ni kwamba kwa majalada Rockbox husoma JPEG ya kawaida tu, wala haisomi ile aina inayojitokeza hatua kwa hatua kutoka ukungu hadi ung'avu, ambayo ni ya kawaida sana kwenye picha zinazopakuliwa. Programu ya jpegtran inazigeuza bila kupunguza ubora. Kwa kwaya, jalada ni picha ya kanisa niliyoipiga kwa simu.

Sauti ilihitaji fikra zaidi. Rekodi za kwaya zilikuwa chini sana, na wimbo wa Bongo Fleva uliofuata baada yake uliweza kumrusha mtu kitini. Rockbox husoma lebo za ReplayGain, zinazobeba kiwango cha sauti cha kila wimbo, na kuinua au kushusha sauti ipasavyo, lakini haikokotoi viwango yenyewe. Kazi hiyo hufanyika kwenye kompyuta. Nilitumia rsgain, ambayo hulenga kiwango cha LUFS -18 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyoisikia). Kisha ndani ya mipangilio ya uchezaji nikawasha ReplayGain, ambayo kwangu ilikuwa imezimwa, nikachagua ifuate albamu wakati wa kusikiliza kwa mpangilio na ifuate wimbo wakati wa kuchanganya. Izime na kuiwasha, ulinganishe. Mimi sikuamini mpaka nilipofanya hivyo.

1 Septemba 2025: Basi la Iringa

Nilisafiri kwenda Iringa tarehe 29 nikiwa nimeweka kwaya zote kwa FLAC, na betri ilizima kabla hatujafika Mafinga. Siku ya kurudi nilicheza dansi peke yake, ambayo ni MP3, na tulifika Uyole chaji ikiwa bado ipo. Betri ni ile ile ya asili, barabara ni ile ile.

Sababu haiko kwenye ugumu wa kuifungua FLAC, maana ni nyepesi kwa kichakataji. Iko kwenye diski. iPod hii ina kumbukumbu ya MB 32, na sehemu yake hutumiwa na Rockbox yenyewe. Muziki hupakiwa humo, diski inalala, na huamka muziki unapokaribia kuisha. Nyimbo kadhaa za MP3 huingia kwa mkupuo mmoja, lakini FLAC moja ya dakika tano hujaza nafasi karibu yote, na diski huzunguka kwa karibu kila wimbo. Ukiweka sikio kwenye kifaa unasikia mlio wake mdogo, na kwenye basi nilikuwa nimeusikia tangu Igawa bila kuelewa.

Uamuzi: FLAC inabaki kwenye kompyuta na kwenye flashi. Kwenye iPod imekwenda nakala ya MP3 iliyotengenezwa kwa LAME, programu ya kutengeneza MP3, kwa kiwango cha ubora cha `-V 2`. Hii imenilazimu kuendesha rsgain upya juu ya hizo MP3 mpya, kazi ya dakika chache.

20 Septemba 2025: Gharama na yaliyobaki

Fedha iliyotumika hadi leo ni shilingi 46,000: waya mbovu 5,000, waya mzima 12,000, mgahawa wa intaneti 2,000, bando la data 5,000 na flashi 22,000. Betri mpya sijanunua, kwa kuwa kwa MP3 iliyopo inanitosha.

Zile rekodi tatu bado zinaitwa Haijulikani 1, 2 na 3. Mama amesikiliza ya pili mara nne na anasema sauti ya besi ni ya mzee mmoja aliyehamia Kyela. Wiki ijayo nakwenda huko kwa shughuli nyingine, na iPod nitaibeba.